Mwaka Nilipokuwa Mlezi wa Ikulu ya Inyonga

Tulipomzika Bibi Wande pale Inyonga, watu walijaa mpaka nikaapa kwamba Mpanda mjini hakubaki hata mtu wa kufunga mlango. Natia chumvi, najua. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikisema watu elfu, ugawe kwa kumi kisha uwatoe jamaa zangu. Lakini siku ile hata ukigawa, uwanja bado ulikuwa umejaa: ukoo wa utemi mbele kwenye viti vya kuazima kanisani, warina asali waliotoka porini na harufu ya moshi kwenye makoti yao, Wasukuma waliolaza fimbo zao chini kwa heshima, na mimi Veneranda, mwalimu wa chekechea, niliyeshuka kwenye basi na mfuko wa mchele kichwani na machozi yakiwa tayari usoni. Sikwenda kukaa na ukoo, maana mimi si wa ukoo. Sikwenda jikoni kwa akina mama, ingawa waliniita kwa jina. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kizingiti cha mlango ule wa kati, unaotenganisha nyumba kubwa na uwanja wa jiko, nikaketi. Miguu ilijua yenyewe. Nilikaa pale karibu mwaka mzima nikiwa na miaka kumi na saba, na nadhani kile kizingiti bado kina umbo langu.

Nikiwa pale akatoka ndani mwanamke mrefu mwenye miwani na kitenge cheusi. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kidevu juu, vilevile nilivyomfundisha. "Shikamoo, Dada Vene." Huyu alikuwa Kalunde, mjukuu wa Mtemi. Nilipoanza kumlea alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele. Sasa nilikuwa naangalia juu kumtafuta uso. Tulilia kidogo, tukacheka kidogo, kisha akaniambia, "Usiondoke kabla ya kuanua matanga. Kuna kitu chako humu ndani." Nikamwuliza, "Kitu changu? Mimi humu ndani niliacha nini zaidi ya ndala moja?" Akasema, "Wewe kaa tu." Basi nikakaa siku tatu, na kwa siku hizo tatu mwaka ule ukanirudia wote, na vyumba vyake, na vyakula vyake, na maneno niliyoyasikia nikiwa nimegeuza uso kama sisikii.

Ya kwetu Kasansa nayaruka, hayana tofauti na ya kwa watu wengine. Naanzia pale nilipoteremka kwenye lori la tumbaku, katikati ya miaka ya tisini, wakati Mpanda bado iko Mkoa wa Rukwa na safari ya Inyonga ikikupaka vumbi mpaka mama yako mzazi akuulize jina. Nilikuwa nimeitwa kumlea mtoto. Serikali ilikuwa imefuta utemi kabla sijazaliwa, na Mtemi mwenyewe alikuwa amefariki miaka tisa kabla ya hapo, lakini hakuna aliyekuwa ameiambia ile nyumba. Sakafu ilipakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka ukaona meno yako. Sebuleni kulikuwa na kiti cha Mtemi kilichofunikwa ngozi, hakuna aliyekikalia, hata paka alikizunguka. Baba yake Kalunde alifanya kazi relini Tabora na mkewe alikuwa huko huko. Mtoto aliletwa kwa Bibi ili nyumba isikose damu. Bibi Wande, mjane wa Mtemi, alikuwa mwembamba, mweusi, mkavu kama ufito, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu walinyamaza wote ili waisikie. Huo ndio ulikuwa utawala wake.

Siku ya kwanza aliniwekea mipaka. Yeye na Kalunde walikula chumba cha ndani, kwenye mkeka. Chausiku mpishi na wote wa jikoni walikula jikoni. "Mlezi wa mtoto haendi jikoni akanuka moshi," Bibi akasema, "wala mgeni haketi mkekani kwetu. Katika nyumba hii asiye damu anakula pale, awe karani, awe padri." Akanyoosha kidole kwenye kizingiti. Nikapewa sahani yangu ya bati, ugali na mlenda na kipande cha samaki aliyekaushwa wa ziwani, nikala nikiwa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Chausiku alinipitia na sufuria akicheka: "Karibu ofisini, dada. Ukichoka kukaa, egemea mwimo wa mlango, huo ndio mto wako."

Mimi nilikuwa na jambo langu moja. Nilitaka kusoma. Nilikuwa nimeacha shule darasa la pili, nikijua kuandika jina langu mpaka herufi ya tano, na jina kama Veneranda linahitaji pumzi zaidi ya hapo. Kila jioni, jua likianza kulegea, niliona watu wazima wakipita na madaftari kwenda darasa la kisomo pale shule ya msingi. Nilivumilia wiki tatu. Wiki ya nne nikapiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, naomba ruhusa ya kwenda kisomo."

"Unatafuta nini huko?"

"Kusoma, Bibi. Mwisho wa mwaka kuna mtihani. Ukishinda unapewa cheti, unaendelea."

"Na mtoto wangu?"

"Mtoto hatakosa kitu. Nitakwenda akishaoga na kula."

Kisha akainuka, akanipeleka chumbani kwake, mahali ambapo hata Chausiku alifagia akiwa ameinamisha macho. Chini ya kitanda akavuta sanduku la bati. Ndani, kwenye kanga nyeupe, kulikuwa na barua. Bahasha ilikuwa imefungwa.

"Mtemi aliniandikia akiwa hospitali Tabora," akasema. "Ilifika siku nne baada ya kumzika."

"Hukusomewa, Bibi?"

"Na nani? Mwanangu alitaka. Nikakataa. Mtu mzima akikusomea maneno ya marehemu, anaruka pale panapouma. Anakuona una huzuni, anakupunguzia. Mtoto hajui kuruka. Mtoto anasoma kilichoandikwa." Akaifunga tena kanga. "Nenda kisomo chako. Lakini ukipatacho jioni, asubuhi mpe Kalunde. Mvua za kwanza zikianguka na yeye hajaweza kunisomea hii, kisomo basi, unarudi kwenu. Na wewe usiiguse. Maneno ya Mtemi hayapiti mdomo usio wa damu."

Nilitoka mle chumbani. Hebu fikiria: mtu asiyejua kusoma amepewa miezi tisa kumfundisha mtu mwingine kusoma. Lakini nilisema moyoni, Vene, hata kama utamfundisha kwa meno, huyu mtoto atasoma. Na ndivyo nilivyoanza kazi ya ualimu, nikiwa mbele ya mwanafunzi wangu kwa somo moja tu. Nikikosa darasa jioni moja, kesho yake tulikuwa sawa.

Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa Mwalimu Yeremia, mzee wa asili ya Burundi aliyepokewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba na kuletwa Inyonga na ndoa. Alivaa koti jeusi kwenye joto la Oktoba na akikasirika alihamia Kifaransa. Vitabu vya kisomo vilikuwa vya kilimo, vimeandikwa kwa ajili ya watu wazima wenye mashamba, kwa hiyo nilichojifunza jioni kilikuwa tumbaku, na nilichomfundisha mtoto wa kitemi asubuhi kilikuwa tumbaku. Watoto wengine duniani wanaanza na baba na mama. Kalunde sentensi yake ya kwanza kuisoma maishani ilikuwa "Kausha majani bila kuyaunguza." Aliisoma kwa sauti mbele ya padri aliyetutembelea, na padri akauliza kama mtoto ana shamba.

Mwalimu Yeremia alikuwa na kitabu kimoja chake mwenyewe, cha Kifaransa, hakina jalada, panya wamekula pembe. Siku alipoambiwa kwamba mimi namlea mjukuu wa Mtemi, alinibakiza baada ya darasa, mimi na wengine wawili waliopenda hadithi, akakifungua. Kilieleza wanawake waliowalea watoto wa wafalme huko Ulaya. "Sikiliza wewe," akaniambia. "Huyu si yaya wa kubeba tu. Si mama. Si mwalimu wa darasani. Yuko katikati. Yeye anawafundisha lugha, namna ya kusimama, namna ya kuandika barua. Mfalme na mkewe wanaletewa watoto saa moja kwa siku, wamechanwa nywele. Saa nyingine zote ni zake." Akasoma kwamba watoto wa kifalme waliishi ghorofa ya juu na madirisha yenye vyuma wasianguke, kwamba mlezi aliandika daftari kila siku, mtoto amekula nini, amelia mara ngapi, amejua nini, kwamba angeweza kufukuzwa kwa kikaratasi kimoja, baada ya miaka kumi na tano ya kazi. Nikauliza swali langu moja lililokuwa linaniwasha. "Mwalimu, alikuwa anakula wapi?" Akapekua kurasa, akasogeza taa. "Peke yake. Si mezani kwa wafalme, si chini na watumishi. Analetewa sinia chumbani kwake." Nilipiga makofi peke yangu. Kizingiti! Kumbe mimi nilikuwa na cheo. Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimebeba yai kichwani.

Kuanzia siku ile nikawa mlezi wa ikulu, na Mungu anisamehe. Nilishona daftari kwa karatasi za magunia ya mbolea. Nikaandika kwa herufi kubwa kama mihogo: KALUNDE AMEKULA UJI. AMELIA MARA MBILI. AMEJUA NG. Nikamfundisha kusimama mikono nyuma na kusema "Hapana, asante" na "Ndiyo, tafadhali." Saa kumi jioni nilimchana, nikampaka mafuta, nikampeleka kwa Bibi rasmi, ingawa Bibi alikuwa ameshinda naye tangu asubuhi. "Huyu ametoka wapi?" Bibi aliuliza siku ya kwanza. "Ameletwa kukuona, Bibi." "Nilikuwa namwona pale." Chausiku alikuwa akichungulia dirisha la jiko, akaangua kicheko, akaniita Malkia wa Vumbi, jina lililoenea hadi kwa wauza nyanya sokoni. Sikujali. Mtoto alikuwa anajua silabi zaidi kila wiki, na mimi mtihani wangu niliuona kama mtu anavyoona bati la nyumba yao kwa mbali.

Lakini kitabu cha Mwalimu Yeremia kilikuwa na sheria moja niliyoipenda kuliko zote. Kilisema watoto wa wafalme walilishwa vyakula vya kawaida kabisa, nyama ya kuchemsha, maziwa, mkate wa jana, na vitamu walizuiwa kabisa kabla ya chakula, ili wawe na tabia imara. Nikaishika hiyo. Nikamwambia Kalunde: mtoto wa ikulu halambi vitamu kabla ya kula. Tulifanya mazoezi. Nilimwonyesha muwa, akasema "Hapana, asante." Nikamwonyesha embe, akasema "Hapana, asante," huku chozi linamtoka. Niliandika kwenye daftari: AMESHINDA EMBE.

Ikaja Juni, miombo imekauka, mizinga imejaa. Katika nyumba ile kulikuwa na desturi ambayo mimi wa Kasansa nilikuwa naisikia tu juu juu, wala sikuiuliza, kwa sababu nilikuwa nashughulika na ya Ulaya. Kabla warina asali hawajaanza kuvunja mizinga, walileta sega la kwanza kwenye nyumba ya Mtemi. Mtoto wa nyumba ndiye alionja kwanza, kwa kidole, mbele ya wote. Akishalamba, msimu umefunguliwa, kila mtu anakwenda porini kwake. Tangu Mtemi afariki walionja watoto wa ndugu; mwaka ule kwa mara ya kwanza alikuwapo mjukuu wake mwenyewe. Mzee Lusambo, mkubwa wa warina asali, alifika asubuhi na wenzake kumi na watano. Walikuwa wameoga. Sega lilikuwa kwenye sahani nyeupe, linang'aa, asali inachuruzika pembeni. Mzee akapiga goti moja, na magoti yake hayakuwa mapya.

"Mjukuu wa Mtemi," akasema, "tuonjee."

Kalunde akaweka mikono nyuma. Akainua kidevu. "Hapana, asante," akasema kwa sauti safi kabisa. "Sijala chakula."

Hata kuku walisimama. Mzee Lusambo alibaki na goti chini na sahani juu, kisha taratibu akaishusha. "Nyumba imekataa," akawaambia wenzake, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Hatuvunji mzinga mpaka nyumba iseme." Wakaondoka mmoja mmoja. Bibi hakunikaripia. Aliniuliza tu, kwa ile sauti ndogo, "Nani amemfundisha hivyo?" Nikasema, "Mimi, Bibi. Ndivyo wanavyofanya watoto wa wafalme." Akauliza, "Wafalme wa wapi?" Hata nchi sikuijua, kitabu hakikuwa na jalada. Akasema, "Kisomo basi. Lori la tumbaku linaondoka kesho kutwa. Funga vitu vyako."

Nilikaa kizingitini sahani ikiwa mapajani. Jikoni nilimsikia Chausiku akimwambia jirani, "Msimu wote unasubiri, na yote kwa sababu ya kitabu cha panya." Jirani akasema, "Bora aende, asije akamfundisha mtoto akatae na maji." Nikalia, lakini nikiwa nalia nikaona wazi kitu kimoja. Mlezi wa kwenye kitabu alifukuzwa kwa kikaratasi akaondoka na sanduku lake kimya kimya. Mimi sikuwa na sanduku. Nilikuwa na mfuko wa rambo na mtihani miezi mitano mbele, na mtoto aliyekuwa amebakiza kidogo sana kusoma. Sikukubali kuondoka kimya. Nikaenda nikasimama mlangoni pa chumba cha ndani, sikuingia.

"Bibi, nipe siku moja. Nitampeleka Kalunde kwa Mzee Lusambo porini. Kosa ni langu, nikalitoe mwenyewe."

Bibi akajibu kutoka ndani: "Mtoto wa nyumba hii akienda porini, anakwenda na mimi."

Tulikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Masanja, Bibi Wande amekaa juu ya gunia la pumba akiwa wima kama yuko kanisani, Kalunde mapajani pake, mimi nikitembea nyuma nikila vumbi la magurudumu. Kambi ya warina asali ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Mimi nitasema maili mia, nyie mgawe mnavyojua. Mzee Lusambo alikuwa akikata magome. Hakuinuka kwangu, aliinuka kwa Bibi.

"Mzee," nikasema nikipiga magoti kwenye majivu, "mtoto hakukataa. Mimi ndiye nilimkataza. Nilijifunza sheria za nyumba nisiyoijua, nikaacha kuuliza za nyumba ninayokaa."

"Wewe ndiye mwalimu wa Kizungu?"

"Ndiyo, mzee."

"Nyuki unawaogopa?"

"Sana."

"Vizuri. Muongo ningemrudisha." Akanipa kifurushi cha magome yanayofuka. "Simama chini ya mti ule. Ushike moshi mpaka mzinga ufike chini. Ukiutupa, mnarudi mlivyokuja."

Kijana wake akapanda, akafunga kamba, mzinga ukaanza kushuka. Nyuki wakatoka. Nasema nyuki wa wilaya nzima walikuwa na kikao siku ile kwenye uso wangu. Waliniuma shingoni, kwenye kope, ndani ya sikio, mmoja aliingia kwenye nguo akatembea kama anatafuta anwani. Nilipiga kelele mpaka Masanja akasema ng'ombe wake walilala chini. Lakini moshi sikuuachia. Mzinga ulikuwa unashuka kidogo kidogo, na mimi nahesabu silabi kwa sauti, ba be bi bo bu, mpaka gogo likagusa majani.

Ulikuwa mzinga wa zamani wa mninga, umekuwa wa kijivu. Pembeni umechongwa alama, kama mizinga yote ilivyo na alama ya mwenyewe. Kalunde alishuka mapajani kwa Bibi. Alisogea, akainama, akaweka kidole, na kidole kile nilikijua, kilikuwa kidole cha somo. "Ma," akasema. "Li. Mali." Mzee Lusambo akaacha kisu hewani. "Ya. Wa. N, d, e. Nde." Akageuka. "Bibi, imeandikwa Mali ya Wande."

"Sisi tunajua ni mzinga wa nyumba kubwa tu," Mzee akasema. "Alichonga Mtemi mwenyewe. Tulidhani ni urembo."

Bibi alikuwa ameshuka kwenye mkokoteni bila kusaidiwa. "Soma tena," akasema. Kalunde akasoma tena. Bibi akapitisha kiganja juu ya yale maandishi taratibu, kama mtu anayepapasa uso. Kisha akakata sega kwa mkono wake mwenyewe, akampa mtoto, na Kalunde akanitazama mimi. Jicho langu moja lilikuwa limefumba kabisa, na la pili lilibakiza ufa. "Kula," nikamwambia. "Kula kabla ya chakula, kula baada ya chakula." Akala mpaka asali ikamfika viwiko. Warina asali wakashangilia, na jioni ile ile moshi ukaonekana kila upande wa pori.

Kesho yake lori la tumbaku liliondoka bila mimi. Bibi alinituma tu nikaoge mapema nisichelewe kisomo. Mwalimu Yeremia alipoona uso wangu alihamia Kifaransa kwa dakika tano. Sikuacha kumfundisha Kalunde kusimama vizuri wala kusema tafadhali, hayo ni mazuri popote, lakini kila jambo jipya nilimwuliza kwanza Bibi, "Hapa kwetu hili likoje?" Na daftari likaendelea: AMEJUA NDW. AMEJUA BARUA INAANZA NA SALAMU.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika siku ambayo Kalunde alisoma ukurasa mzima wa kisomo, ule wa magonjwa ya ng'ombe, bila kusimama. Bibi akasikia. Akaufunga mlango wa chumba cha ndani, yeye na mtoto. Mimi nikakaa kizingitini, mahali pangu. Nilisikia bahasha ikichanwa. Nilisikia sauti ya Kalunde ikienda silabi kwa silabi, maneno siyashiki. Mahali fulani Bibi alicheka, kicheko kifupi cha msichana. Mahali pengine sauti ya Kalunde ilikatika, akauliza, "Niendelee?" Akaendelea, wala hakuruka. Mlango ukafunguka. Bibi akanipita bila kuniangalia, macho mekundu, akaenda jikoni ambako hakuwahi kukanyaga miezi yote ile. Alichukua sahani mkononi mwa Chausiku, akapakua ugali mwenyewe, akarudi.

"Ingia," akaniambia. "Ule."

"Bibi, niko sawa hapa."

"Nimesema ingia."

Nikavua ndala, nikaingia, nikala mkekani, na tangu siku ile mpaka nilipoondoka na cheti changu alinipakulia yeye kwa mkono wake. Mtihani nilishinda, wa kwanza kati ya watu saba, na yule wa pili alikuwa na miaka sitini. Na kwa miaka yote tangu hapo, watoto wangu wa chekechea na walimu wenzangu na abiria wowote walioketi karibu nami kwenye basi wamesikia jinsi nyuki walivyoninunulia nafasi mkekani. Mtu akiniuliza ushujaa ni nini, ninamwonyesha alama kwenye kope.

Siku ya kuanua matanga, watu walipoanza kupungua, Kalunde alinikuta palepale. Nilikuwa nimerudi kizingitini kwa sababu mwenye kuniita ndani hakuwapo tena. Akaketi kando yangu, mwanamke mzima na miwani yake, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Mkononi alikuwa na ile kanga nyeupe.

"Bibi alisema akifa, uisikie," akasema. "Utaisoma mwenyewe?"

Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha. "Soma wewe. Mimi si damu."

Akaifungua. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, mtu mwenye shahada mbili, akasoma kama nilivyomfundisha. Mtemi alimsalimu mkewe sana. Alisema hali si nzuri lakini analala. Alisema sweta la kijivu lisitumwe. Alisema ule mzinga wa mninga ni wa mkewe, alimchongea jina akanyamaza, kwa sababu mkewe angemwambia anaharibu mti mzuri. Nikajua hapo ndipo Bibi alipocheka. Kisha Kalunde akasimama kidogo, akasogeza kidole.

"'Najua hutaisoma hii mwenyewe. Ningekufundisha, lakini siku zote nilikuwa na shughuli za watu wengine, na hilo linanisumbua hapa kitandani. Basi atakayekuwezesha kuyasikia maneno yangu, awe nani, asile mlangoni. Mwingize, mpakulie kwa mkono wako.'"

Nikakaa kimya, jambo ambalo watu wangu wa Mpanda hawataliamini.

"Bibi aliniuliza siku ile," Kalunde akasema, "'Anayetajwa hapa ni wewe unayesoma?' Nikamwambia hapana, mimi nakula ndani kila siku. Ni Dada Vene."

"Kwa hiyo si nyuki," nikasema.

"Si nyuki, dada."

"Miaka yote hii nimewaambia watu ni nyuki."

Alicheka mpaka akavua miwani. Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa, na watu wa ukoo walikuwa wananawa. Chausiku, mzee sasa, mgongo umepinda, alitoka jikoni na sahani yangu, akasimama akingoja kuona ataipeleka wapi. Kalunde akaipokea mkononi mwake. Mimi nikavua viatu.